Kurasa Zilizogandana kwa Uji

Nyumbani kwetu mbegu haikuvuka kizingiti bila kutajwa ilikotoka. Ukitumwa na kikapu cha ulezi kwa jirani, unafika mlangoni, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaamkia. Kisha, kabla hujatua kikapu, unasema: hii imetoka kwa fulani, naye aliipata kwa fulani. Ndipo unapokelewa. Mtoto akisahau, mama mwenye nyumba anamwacha palepale na mzigo wake kichwani, anaendelea kupepeta kama hajamwona. Mimi niliachwa hivyo nikiwa na miaka sita hivi, mpaka shingo ikazama mabegani. Niliporudi nikilia, mama hakunipa pole. Alisema tu, "Isipoota, watamwuliza nani?"

Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nilipojua kusoma, nikalisahau.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga. Nyumba zetu zilipangwa mistari miwili, zikitazamana kama watu wanaongoja kuanza ngoma. Huko juu kwetu Ufipa miti ni ya kuhesabu, nyasi ndizo nyingi, na upepo hauna pa kujifichia. Mwezi wa kumi na moja, mvua zinapobisha hodi, ukungu hushuka asubuhi ukakalia bonde hadi jua likolee, nawe ukisimama mlimani unaona bonde limejaa maziwa.

Ndani ya ukungu huo kulikuwa na matuta yetu, yale tunayoyaita intumba. Mtu asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi zinakatwa, zinalazwa rundo rundo, zinafukiwa kwa udongo hadi zinakuwa vichuguu vya mviringo vinavyonifika kiunoni. Vinakaa hivyo kiangazi chote, nyasi zikioza ndani. Mvua za msimu unaofuata zikianza, unavitawanya, unasia ulezi. Ukiyatazama matuta hayo kwa mbali utadhani ni kundi la ng'ombe waliolala. Nilipokuwa mdogo niliamini yanapumua, na sina hakika kama nilikosea.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne, msichana mkubwa wa miaka kumi na mitatu, maana tulichelewa kuanza shule. Mchana baada ya masomo kulikuwa na kisomo cha watu wazima, na Mwalimu Zenon aliwachagua wanafunzi wenye mwandiko mzuri wamsaidie. Mimi nilipewa Bibi Fransiska.

Bibi Fransiska alikuwa mjane. Wengi wetu tulitoka mlimani penye udongo mwekundu, lakini yeye na watu wachache walitoka upande wa bondeni, kwenye udongo mweusi na matete. Siku ya kwanza alikuja na daftari lake limefungwa ndani ya kanga, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

Darasa zima la wazee likacheka. Nilitamani benchi linimeze.

"Bibi, usinitanie."

"Sikutanii. Mwenye chaki ndiye mkubwa. Shikamoo yangu utanirudishia kisimani."

Herufi zake zilikuwa kubwa kama maharage, na zilitembea zikiyumba hadi mwisho wa mstari. Lakini hakuchoka. Alikuwa akiandika nyumbani huku anakoroga uji wa ulezi, daftari likiwa gotini. Nilimwuliza mbona haandiki barua kama wenzake.

"Nimwandikie nani? Mwanangu wa Matai hajui kusoma. Naandika ninachokijua. Nikifa, kitabaki kikiongea."

Alichokijua kilikuwa shamba. Aliandika jinsi ya kukata nyasi, jinsi ya kuzilaza, udongo upi wa kufunika kwanza. Ukurasa mmoja ungeweza kumchukua wiki nzima.

Basi mwezi ule wa kumi na moja akapata habari kwamba binti yake amejifungua, akapanda lori la kwenda Matai. Kabla ya kuondoka alinipa daftari.

"Nisahihishie nikiwa huko. Ila nyekundu isizidi, nitaona haya."

Siku mbili baadaye Mwalimu Zenon alitangaza insha. Kila shule ya wilaya itoe moja, habari iwe kilimo cha kijiji chetu, na kila mtu aandike yake mwenyewe. Mwandishi wake angepelekwa Sumbawanga kuisoma mbele ya walimu, kwenye ukumbi mmoja pale Mazwi, na angelala mjini siku mbili. Nilikuwa sijawahi kuona taa inayowashwa ukutani. Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi mjini alinisimulia kwamba unagusa kitu kidogo kama jino, na chumba kizima kinaamka. Nililiota jino lile. Nilikuwa nateka maji huku vidole vyangu vikigusa hewa.

Nilikaa na karatasi yangu jioni moja, sikupata la kuandika zaidi ya "Kilimo ni uti wa mgongo." Nikalifungua daftari la Bibi Fransiska nilisahihishe, na maneno yakawa pale, yamekaa tayari. Nikayaandika. Nilirekebisha tu pale alipokosea. Nilijiambia kwamba herufi zote nimemfundisha mimi, kwa hiyo na maneno ni yangu kidogo. Mtu anayetaka kitu hakosi la kujiambia.

Mwalimu Zenon aliisoma insha yangu akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Adela, haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani mwangu, mwalimu."

"Kichwani mwake kuna chawa tu," akasema Tadei, kijana aliyeketi nyuma yangu. Darasa likacheka, hata mwalimu, na kicheko kile kikanisaidia kupita.

Ingeishia hapo, ningekwenda Mazwi nikawasha taa, nikarudi. Lakini Jumamosi ile alikuja bwana shamba, Bwana Uledi. Alikuwa mtu wa mjini, ukoo wa wenye maduka, na alipanda baiskeli yake hadi kwetu akiwa amebana suruali kwa vibanio vya nguo. Mahindi na mbolea alivijua. Intumba hakuijua, na alikiri hivyo hadharani, jambo lililowafanya wazee wampende.

Kulikuwa na mkutano juu ya shamba la kijiji. Shamba hilo lilikuwa bondeni, na matuta yake tuliyachelewesha. Watu walikuwa bado wanajenga nyumba, nyasi zikafukiwa mwezi wa tatu ukiishia. Sasa mvua ya kwanza ilikwishanyesha. Mbegu ya ulezi ya kijiji kizima ilikuwa ndani ya kihenge kimoja, ile tuliyobaki nayo baada ya kuhama. Wengine walisema matuta yatawanywe mara moja, kama tulivyozoea mlimani. Wengine walisema bonde si mlima. Wale wachache waliotoka bondeni walikuwa vijana, wakasema mambo hayo waliyaacha kwa mama zao. Wakabishana hadi kivuli cha ofisi kikafika barabarani.

Mwenyekiti Leonardi akaona amani haiji. Mwalimu Zenon akamnong'oneza, na nikaitwa.

Nilisoma insha yangu mbele ya kijiji. Nilipofika penye bonde nilisoma hivi: "Mvua ya kwanza ikishalowesha udongo, nenda kwenye matuta ya bondeni na jembe. Tawanya udongo, sia ulezi siku hiyohiyo."

Kisha mzee mmoja akasema, "Haya, mtoto kamaliza."

Bwana Uledi aliniangalia kwa upole. "Na yaliyochelewa kufukiwa, mwanangu? Nayo ni hivyo hivyo?"

Sikujua. Nilisema, "Yote sawa."

Akaandika kwenye kitabu chake. Ikaamuliwa Jumatatu asubuhi, kila nyumba itoe majembe, kihenge kifunguliwe.

Nyumbani nilichukua lile daftari nimalizie kusahihisha, maana nilitaka angalau nimlipe bibi kwa hilo. Nikapeleka kidole kugeuza ukurasa, nikahisi karatasi nene. Haikuwa moja. Zilikuwa kurasa zilizogandana kwa uji, zimekauka na punje ndogo za ulezi pembeni. Nikaingiza unyasi katikati, nikatenganisha polepole, huku mama akiniuliza nashona nini. Ndani mlikuwa na herufi kubwa kama maharage:

"Usianze kulima. Kwanza ingiza mkono ndani ya tuta hadi kiwiko. Ukisikia joto majani bado yanaiva. Funika rudi nyumbani. Ulezi ukisiwa juu ya joto hilo huota halafu huwa njano halafu hufa. Rudi baada ya siku nane. Ingiza mkono tena. Likiwa baridi kama chungu cha asubuhi sasa chukua jembe."

Nililisoma mpaka macho yakauma. Kisha nikalifunga daftari, nikaliweka chini ya mkeka wangu. Lilinichoma mgongo kama jiwe.

Jumapili baada ya misa niliteremka bondeni peke yangu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilitembea katikati ya matuta nisione zaidi ya matatu kwa wakati, mawili yakipotea nyuma, mawili yakitokea mbele. Hakukuwa na sauti, ila maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye nyasi. Nikapiga magoti kwenye tuta moja, nikachimba kwa vidole, nikaingiza mkono hadi kiwiko.

Lilikuwa na joto. Joto la mwili, kama kwapa la mtoto mwenye homa. Nikautoa mkono ukifuka moshi mwembamba, nikauingiza kwenye la pili, la tatu. Yote yalikuwa hai. Nikaegemea tuta la mwisho, mkono ukiwa bado ndani, na kwa kuwa sikuwa nimepata usingizi, usingizi ukanipata.

Niliota matuta yamesimama. Kila moja lilikuwa mwanamke mwenye kikapu kichwani, na yalikuwa yanapita yakielekea kwenye mlango mmoja, yakichuchumaa, yakipiga makofi, yakitaja jina, yakiingia. Nilikuwa kwenye mstari huo, nami nina kikapu. Zamu yangu ilipofika nilichuchumaa. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta, uso wake siuoni. Nikafungua kinywa, ukatoka ukungu. Nikajaribu tena, ukungu. Nyuma yangu watu wamejaa hadi mwisho wa bonde, wote wananingoja mimi, na hakuna aliyenigombeza. Wanawake wale walinisubiri tu, vikapu vyao vikizidi kuwa vizito.

Nilipoamka jua lilikuwa limetoboa, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi ndani ya lile joto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Zenon, ambako Bwana Uledi alikuwa amefikia. Walikuwa wanakunywa chai barazani. Njiani nilikwishapanga maneno ambayo yangeniokoa mimi na mbegu pamoja.

"Shikamooni. Nimekumbuka kitu. Matuta yasitawanywe kesho, bado yana joto."

"Marahaba," akasema Bwana Uledi. "Jana ulisema yote sawa."

"Nimekumbuka leo."

"Umekumbuka kutoka wapi?"

"Kichwani."

Hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Mwanangu, kijiji kizima kimekubaliana. Nikawaambie waahirishe kwa sababu kichwa cha mtoto kimebadilika kati ya Jumamosi na Jumapili? Wataniuliza nani kasema, nami nitasema nini?"

Mwalimu Zenon alikuwa ananitazama kwa namna mpya, kama mtu anayesoma insha kwa mara ya tatu.

Hapo ndipo nilipouona mlango wa kwenye ndoto. Nikachuchumaa palepale barazani. Makofi yakaja yenyewe, taratibu, kama nilivyofundishwa.

"Maneno haya yametoka kwa Bibi Fransiska," nikasema. "Yote, tangu jana. Yako kwenye daftari lake. Mimi nimeyanakili, nikaruka kurasa mbili zilizogandana, na sikujua kama nimeruka kwa sababu siyajui. Nimeingiza mkono bondeni. Kuna joto."

Kuku alipita katikati yetu.

"Fransiska wa bondeni?" akauliza mwalimu. "Huyu wa kisomo?"

"Ndiyo."

"Sasa hilo ni jina," akasema Bwana Uledi, akasimama kutafuta vibanio vyake. "Naona hata sifa za ulezi wake nimewahi kuzisikia. Lete hilo daftari."

Alasiri ile waliteremka bondeni, mwenyekiti Leonardi na wazee sita, na Bwana Uledi akiwa amekunja mikono ya shati lake jeupe. Mwalimu aliwasomea zile kurasa mbili kama zilivyoandikwa, pamoja na makosa yake. Kisha mmoja mmoja wakapiga magoti, wakaingiza mikono. Sijawahi kuona tena wanaume wazima wakiwa na nyuso za namna ile, kama watu wanaosikiliza tumbo la mke.

"Linaiva," akasema Leonardi.

"Fransiska huyu yuko wapi?" akauliza mzee aliyesema jana kwamba nimemaliza.

"Matai," nikasema.

"Basi tutamngoja yeye na matuta yake. Na wewe binti, jana ulisoma kwa sauti nzuri sana. Mwizi mwenye sauti nzuri." Wakacheka, nami nikalia, wakaacha kucheka.

Mwalimu Zenon aliirarua insha yangu mbele yangu, vipande vinne, bila hasira. Shule yetu ikampeleka Tadei, ambaye aliandika habari za mbuzi wa baba yake. Aliporudi nilimwuliza kuhusu taa. Akasema zilizimika siku zote mbili. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au alinihurumia.

Bibi Fransiska alirudi baada ya siku tano. Nilikwenda kumpokea barabarani kabla watu wengine hawajamfikia, nikambebea mzigo, nikamweleza njiani. Alitembea akinisikiliza. Tulipokaribia nyumba za kwanza alisimama, akapumzisha mguu.

"Unajua kule Matai niliulizwa na wanawake, nani kanifundisha kuandika uzeeni. Niliwaambia ni Adela, binti wa Urbano, ana miaka kumi na mitatu na mwandiko kama wa padre. Nilitaja hadi jina la kijiji chetu." Akanitazama. "Nilikutaja kila nyumba niliyokunywa maji."

Hilo tu. Heri angenichapa.

Niliweza kusema, "Bibi, nitaandika upya. Nitaweka jina lako juu kabisa."

"Weka. Lakini usiishie kwangu." Akaanza tena kutembea. "Habari ya mkono niliambiwa na mama mkwe wangu, Josefina. Yeye aliambiwa na shangazi yake, aliyeolewa Ilemba, wakamwita Mama Eustaki, jina lake la utotoni halijulikani. Zaidi ya hapo sijui. Andika kwamba Fransiska hajui. Nayo ni habari."

Siku nane zikapita, matuta yakawa bado vuguvugu. Zikapita nyingine nane. Asubuhi ya siku ile ukungu ulikuwa mzito, na watu wamesimama na majembe begani wakiwa hawaonani nyuso. Bibi Fransiska hakuingiza mkono wake. Alinisukuma mimi mbele. Nikapiga magoti, nikaingiza hadi kiwiko.

"Unasikia nini, mwalimu?"

"Baridi. Kama chungu cha asubuhi."

"Nani alisema chungu?"

"Wewe, bibi."

"Haya," akawaambia watu. "Limeni."

Mwaka uliofuata mama aliugua, nikaacha shule. Mazwi niliiona nikiwa nimekwishaolewa, na taa niliiwasha, ikawa taa. Lakini kabla ya hayo yote, baada ya mavuno ya ulezi ule, nilitumwa na kikapu kwenye kijiji cha jirani, kwa mama mmoja aliyekuwa na mashamba bondeni kama yetu. Nilifika, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikaamkia. Alikuwa anapepeta.

Nikasema: mbegu hii imetoka kwenye bonde la kijiji chetu. Haisiwi mpaka tuta lipoe mkononi. Hilo kasema Fransiska, aliyeambiwa na mama mkwe wake Josefina, aliyeambiwa na Mama Eustaki wa Ilemba, na huyo aliambiwa na mtu ambaye Fransiska hamjui. Mimi ni Adela, nimebeba tu.

Ungo ukatulia.

"Tua mzigo, mwanangu," akasema. "Ingia."